Sura ya Saba: Gramu Mia Sita Sabini na Moja

Pamba ilitoka nyeusi.

Shangazi aliigeuza chini ya taa ya meza ya fundi, akachovya nyingine kwenye thina ya kuondolea rangi, akasugua chipu ya pili ya kielektroniki. Nayo ikatoa weusi. Chini ya rangi ile palikuwa na mikwaruzo ya msasa, yote ikielekea upande mmoja, na kwenye pembe ilionekana nusu ya namba ya zamani ambayo mwenye msasa alichoka kabla ya kuimaliza.

"Mtumba," alisema.

"Mtumba uliopigwa pasi," fundi akaongeza. "Zimeng'olewa kwenye vyombo vibovu, zikasuguliwa, zikapakwa rangi na kuandikwa upya. Ukiitazama hivihivi unaapa ni mpya. Ukiiwasha inafanya kazi saa sita, halafu inazima."

"Na mashine ikizima?"

Fundi alielekeza kidevu kwenye safu ya mashine nyeupe ukutani, kila moja na bomba lake jembamba. Zilikuwa mashine za kuwasaidia vichanga kupumua. Swali lilikuwa limeshajijibu.

Jina halisi la Shangazi lilikuwa kwenye kitambulisho ambacho hakuna aliyejisumbua kukisoma. Miaka ishirini alikuwa mkaguzi wa forodha, akifungua maboksi ya watu. Sasa alipeleleza kwa kujitegemea, na kila ofisi aliyoingia iliishia kumwita Shangazi, kwa sababu maswali yake yalikuwa ya shangazi aliyeletewa mchumba amkague: ya upole, moja baada ya jingine, mpaka mchumba mwenyewe anaanza kujitilia shaka.

Saa tatu na nusu asubuhi alikuwa ofisini kwa Mkurugenzi, mwanamke mfupi aliyepandisha miwani juu ya nywele na kuisahau huko.

"Hesabu yangu ni fupi," Mkurugenzi alisema. "Chipu hii tunainunua kwa wauzaji wawili. Mmoja yuko mashariki ya mbali, mwingine magharibi ya mbali. Hawajuani, na wanagombania wateja. Tuliwachukua wawili makusudi, mmoja akikwama mwingine atuokoe. Sasa mtumba umeonekana kwenye mzigo wa huyu na kwenye mzigo wa yule, kwa mara moja. Mizigo hiyo inakutana wapi?"

"Stoo kwako."

"Na stoo ina ufunguo mmoja."

Kando yake aliketi Mkuu wa Manunuzi, bwana mrefu mwenye suti isiyojua kukunjamana. Miaka miwili mfululizo, kila mkutano aliufungua kwa kusema kwamba kiwanda sasa kinasimama kwa miguu miwili, yaani wauzaji wale wawili, wa pili akiwa amemtafuta yeye mwenyewe. Wafanyakazi wakampa jina la Miguu Miwili, naye akalipokea kama sifa. Wiki ijayo alitarajiwa kutangazwa naibu mkurugenzi.

"Mtunza stoo amezibadilisha," alisema kwa sauti ya huzuni, huzuni iliyonyooshwa kama suti yake. "Mwaka huu chipu hizi zinatafutwa dunia nzima kwa tochi. Amechukua halisi akauza, akarudisha takataka. Inaniuma, ni mzee wetu. Lakini muulize kuhusu kabati la kijivu lililo nyuma ya stoo. Muulize kwa nini hampi mtu ufunguo."

"Ana muda gani hapa?" Shangazi aliuliza.

"Miaka thelathini na moja," Mkurugenzi alijibu. "Anastaafu baada ya wiki tatu." Aliitafuta miwani mezani, hakuiona. "Saa kumi alasiri naita polisi. Na saa kumi hiyohiyo nawapigia simu wenye hospitali. Mashine mia mbili na arobaini zilitakiwa kupanda ndege Jumamosi. Wodi kumi na mbili zinazisubiri, na mimi sina chipu ya kuweka hata kwenye moja."

Leo ilikuwa Jumatatu. Shangazi aliifunga kalamu yake akateremka ngazi.

Mtunza stoo aliketi kwenye kigoda nje ya mlango wake mwenyewe, mlinzi kamsimamia. Alikuwa mtu mkavu, mwenye koti la kazi lililofuliwa mpaka rangi ikasalimu amri, na penseli nyuma ya sikio. Kiwanda kizima kilimwita Mzee Gramu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ndiwe Shangazi mwenyewe? Nilidhani utakuwa mkali zaidi."

"Ukali naubakiza kwa ajili ya alasiri. Kwa nini wanakuita Gramu?"

Akatabasamu kwa shida. "Ujana wangu niliufanyia posta, dirisha la vifurushi. Pale tulifundishwa kitu kimoja: kifurushi kikipokelewa na uzito mmoja kikafika na uzito mwingine, kuna mkono umeingia njiani. Nilipohamia hapa nikahama na ugonjwa huo. Hakuna kinachoingia stoo kwangu bila kupanda mizani. Vijana wananicheka, wanasema siku moja nitawapima na wao."

"Mizigo ya mtumba uliipima?"

"Niliipima kabla hata sijaifungua. Ikaniambia kuna jambo. Nikapanda ghorofani siku hiyohiyo nikamwambia Mkuu wa Manunuzi, bosi, magurudumu haya ni mepesi."

Shangazi aliinua macho. Chipu zile zilikuja elfu moja kwa kila gurudumu la plastiki, zimepangwa kwenye mkanda uliozungushwa, na kila gurudumu lilifungiwa ndani ya mfuko wake wa fedha usiopitisha unyevu.

"Akakujibu nini?"

"Akaniambia, mzee, tunanunua chipu, hatununui sukari."

"Uliandika?"

"Uzito niliandika. Maneno yake sikuandika." Alitazama mikono yake. "Hilo ndilo kosa langu. Kwangu, bosi akishasikia, imesikika."

"Uzito uliandika wapi?"

Mzee Gramu akanyanyuka, mlinzi naye akanyanyuka, wakaingia stoo wote watatu kama msafara wa kuomba posa. Juu ya mizani palikuwa na msumari, na chini ya msumari ukutani palibaki alama ya mstatili mweupe, pahali ambapo daftari lilining'inia miaka yote likizuia vumbi. Daftari halikuwepo.

"Tangu lini?"

"Ijumaa. Mashine zilipoanza kuzima asubuhi lilikuwepo. Niliporudi kula mchana, halipo."

"Na ufunguo wa stoo?"

"Mchana stoo haifungwi. Watu wa ghorofani huingia na kutoka."

Kwa Shangazi hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwizi wa chipu hana haja na daftari la uzito. Anayelihitaji ni mtu anayeujua uzito una maana gani. Alifurahi, na furaha hiyo ikadumu mpaka alipofika nyuma ya rafu na kuliona kabati la kijivu, la chuma, lenye kufuli ya shaba.

"Na humu?"

Uso wa mzee ukafungika. "Humo hamhusiani na haya."

"Basi nifungulie tu, tulimalize."

"Siwezi, dada."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao. Siutoi."

Alijaribu mara tatu kwa njia tatu, na mara tatu alipata ukuta. Shangazi aliumia. Alikuwa ameshampenda mzee huyu, jambo ambalo hupaswi kulifanya kabla ya saa nne asubuhi, na sasa kila neno aliloambiwa lilianza kuonekana kama hadithi ya mtu aliyejitayarisha. Angeweza kuita mlinzi avunje kufuli. Akaamua kuliacha hadi mwisho. Kabati halina miguu, na kilichomo kisingetoroka.

"Nisikilize," alisema. "Daftari limekwenda. Hakuna mahali pengine popote uliponakili uzito ule?"

Mzee Gramu akafikiri. Kisha akaona haya, kama mtu aliyekumbushwa utoto wake mbele za watu.

"Ziko kadi."

Ndani ya kila mfuko wa fedha, alieleza, watengenezaji huweka kadi ndogo yenye vidoa vya buluu. Unyevu ukiingia, vidoa hugeuka waridi. Mfuko ukishafunguliwa kadi haina kazi, inatupwa. Yeye kabla ya kuitupa huandika nyuma yake namba ya gurudumu, tarehe, jina la muuzaji na uzito, halafu hulinganisha na daftari.

"Kisha unazitupa?"

"Kisha nampelekea mjukuu wangu. Anazipenda. Anazipulizia pumzi ya mdomo zigeuke rangi, anazianika zirudi buluu. Ana kopo zima."

Shangazi alimkabidhi simu yake. "Mpigie bibi yake."

Kabla kopo halijafika alifanya kazi ya pili. Kadi za penseli zilizoandikwa na mshitakiwa mwenyewe zingechekwa na wakili yeyote. Alihitaji mizani ya mtu mwingine, mtu asiyemjua Mzee Gramu wala kumjali. Akaketi kwenye boksi, akapiga simu ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege, akasoma namba za hati, akasubiri, akasoma tena. Zamani za forodhani zilimfunza kwamba ndege haisafirishi kitu bila kukipima, kwa kuwa rubani hapendi kushtukizwa. Karani wa mizigo alimsomea tarakimu kwa uvivu. Shangazi alizinakili bila uvivu wowote.

Saa saba na nusu mke wa Mzee Gramu alifika getini, mama mnene mwenye hasira ya haki na kopo la biskuti kwapani.

"Yuko wapi aliyemwita mume wangu mwizi?"

"Ghorofani, mama. Utamwona. Hilo ndilo kopo?"

"Ndilo. Mjukuu amelia huyo! Amelikumbatia, hatoi. Nimemwahidi zitarudi zote. Ziko mia moja na kumi na saba, amezihesabu mbele yangu, na ikipungua moja nitaulizwa mimi, si wewe."

"Hazitapungua."

Walizimwaga juu ya meza ya kufungia mizigo. Shangazi alipanga kadi za muuzaji wa mashariki mkono wa kulia, za magharibi mkono wa kushoto, tarehe kwa tarehe. Mzee alisoma, mkewe alipanga, na mlinzi, aliyesahau kwamba yupo kazini, alishika taa.

Upande wa kulia ulisema jambo moja tu. Mia sita tisini, mia sita tisini, mia sita tisini na moja, mia sita tisini. Miaka sita ya magurudumu ya mashariki, na hakuna lililopotoka zaidi ya gramu moja.

Kushoto kulikuwa na magharibi, na ni miaka miwili tu tangu waanze kununua kwao. Mia saba na tano, mia saba na tano, mia saba na nne.

"Kwa nini la magharibi ni zito?"

"Chipu ni ileile, elfu moja," Mzee Gramu alisema. "Gurudumu lenyewe ndilo tofauti. Kila nyumba ina plastiki yake. La magharibi lina ukingo mnene, hata macho yamefungwa nalijua."

Shangazi akachukua kadi za mwisho, za mizigo iliyofika wiki nne zilizopita. Kulia: mia sita sabini na moja. Kushoto: mia sita sabini na moja. Akageuza nyingine. Mia sita sabini na moja, mia sita sabini na moja.

Aliziweka chini taratibu.

"Mzee wangu, uliliona hili?"

"Niliona ni mepesi. Nikafikiri msasa."

"Msasa ungepunguza kila moja kutoka kwenye uzito wake. Lenye ukingo mnene lingebaki zito kuliko mwenzake. Haya yamelingana. Maana yake ni magurudumu ya aina moja, yamezungushwa nyumba moja, na mtu mmoja. Wauzaji wawili wasiojuana wamenunua sokoni kwa muuza mtumba mmoja, kila mmoja kwa siri yake, kisha wakatuletea." Akacheka kwa sauti, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. "Hiyo miguu miwili ilikuwa imevaa kiatu kimoja!"

Mke wa mzee hakuelewa yote, ila alielewa kicheko. Akapiga makofi.

Ilibaki kazi ya tatu, na hiyo Shangazi aliifanya mlango ukiwa umefungwa. Muuzaji mwenye jina hatari yake ni kulichafua, na mwenye jina akilazimika kuokoteza mzigo sokoni kwa sababu kiwanda kimemkaukia, hujikinga. Huandika barua. Kwa hiyo alipompata bibi wa mauzo wa magharibi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia ofisini kwake, hakumshitaki kwa lolote. Alisema tu: "Ile barua yenu ya kutuarifu mmebadili chanzo, nakala yetu imepotea. Naomba mnitumie tena."

"Iliyosainiwa au isiyosainiwa?" bibi wa mauzo akauliza.

Shangazi akaivuta kalamu yake. "Iliyosainiwa, tafadhali."

Muuzaji wa mashariki alikuwa anafunga ofisi, ila na yeye alikuwa na yake. Saa tisa na robo mashine ya karani wa mapokezi ilitoa karatasi mbili, zenye joto bado.

Saa kumi kasoro dakika kumi walikuwa wote stoo, kwa ombi la Shangazi. Mkurugenzi alishika simu mkononi. Nyuma yake mafundi walisogea mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya amefuata bisibisi. Miguu Miwili alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la kijivu.

"Tuanze na hili. Livunjwe."

"Litafikiwa," Shangazi alisema. "Kwanza nisaidie jambo. Mzee huyu aliwahi kukwambia magurudumu ni mepesi?"

"Hajawahi."

"Daftari lake la uzito umeliona?"

"Nina kazi nyingi kuliko kusoma daftari za mtunza stoo."

"Vema. Hatulihitaji tena." Akaonyesha meza iliyojaa kadi, akazieleza safu kwa safu. Alisema polepole, kama anayekunja nguo. Alipofika kwenye kadi za mwisho alimwomba Mkurugenzi azisome yeye mwenyewe kwa sauti.

"Mia sita sabini na moja," Mkurugenzi alisoma. "Mia sita sabini na moja." Miwani ilishashuka puani. "Yamelingana."

"Mizigo yote miwili ilifika hapa ikiwa hivyo, mifuko ikiwa imefungwa."

"Kwa maandishi ya nani?" Miguu Miwili aliruka. "Kaandika yeye! Ana penseli sikioni! Anaweza kuandika kadi mia kabla ya chai."

"Kweli kabisa," Shangazi alikubali, na mafundi wakanung'unika. "Ndiyo maana nimewauliza wenye ndege. Boksi la magurudumu ishirini kutoka mashariki lilikuwa na kilo kumi na nne na nusu na ushee, miaka yote. La magharibi lilikaribia kumi na tano. Safari ya mwisho, nchi mbili, ndege mbili, mizani mbili za watu wasiomjua mzee huyu, kila boksi lilipimwa kilo kumi na nne na gramu mia mbili. Hati hizi hapa. Labda naye rubani ana penseli sikioni."

Mtu alicheka nyuma. Miguu Miwili hakucheka.

"Basi tumetapeliwa na wauzaji," alisema haraka. "Wote wawili. Nitawaandikia leo hii barua kali."

"Wao walishakuandikia." Shangazi akafungua karatasi mbili. "Huyu anasema kiwanda chake kimekauka, atanunua kwa dalali, anamtaja dalali kwa jina, na anashauri kila gurudumu lipimwe kabla ya kutumika. Huyu anasema hayohayo na anamtaja dalali huyohuyo. Chini ya kila barua pameandikwa: nimekubali, hakuna haja ya kupima. Saini unaitambua?"

Mkurugenzi alizichukua. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza.

"Ulijua," alisema. "Siku ile ulipotuambia kwenye kikao kwamba hatutasimama hata saa moja, ulikuwa unajua tunanunua kwa dalali mmoja."

"Kama ningesema, kiwanda kingesimama!" Sauti ya Miguu Miwili ilipasuka. "Miezi mitano hakuna chipu dunia nzima. Kila mtu alitaka miguu miwili, nikawapa miguu miwili! Nilidhani zitafanya kazi."

"Na zilipokataa ukamtafuta mzee wa kumtwisha," alisema mke wa Mzee Gramu, ambaye hakuna aliyemwalika kusema na hakuna aliyethubutu kumzuia. "Baba wa watu!"

Mlinzi aliambiwa amsindikize Miguu Miwili ghorofani. Dakika kumi baadaye alirudi na daftari, lilikuwa kwenye droo ya bwana huyo chini ya bahasha za mikutano. Mafundi walishangilia. Mmoja alimkumbatia Mzee Gramu mpaka penseli ikaanguka.

Lakini Mkurugenzi hakushangilia. Aliketi kwenye kigoda cha mlangoni, simu bado mkononi.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Nimekukosea mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Ila wodi kumi na mbili bado zinanisubiri, na sasa ni saa kumi. Ukweli tumeupata, chipu hatuna. Niwaambie nini?"

Furaha ilipoa. Shangazi mwenyewe aliisikia ikipoa, na akaona kwamba kazi yake imefika mwisho wake na haitoshi. Aligeuka, akamkuta Mzee Gramu anavua ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni.

"Kabla hujapiga simu, mama," alisema, "kuna uongo wangu mmoja. Nikishausema unaweza kuwaita polisi wako."

Alifungua kufuli ya shaba. Mlango wa chuma ulilia. Rafu ya juu ilikuwa tupu, na ya katikati pia. Kwenye rafu ya chini, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, ililala mifuko minne ya fedha iliyofungwa tangu kiwandani kwao.

"Miaka miwili iliyopita ilikuja amri kutoka manunuzi," alisema. "Stoo isilaze mali zaidi ya wiki mbili. Walisema kilicholala ni hasara, na kwa kuwa sasa tuna wauzaji wawili hatuhitaji akiba. Hizi nikaambiwa nizitupe. Nikasaini kwamba nimezitupa. Mkono uliandika, moyo ukakataa. Nilijiambia, siku hao wawili wakikwama pamoja, watoto watapumua kwa nini? Nikazificha. Nimesaini uongo, mama, na miaka yangu thelathini na moja yote iko juu ya saini hiyo. Ndiyo maana sikutoa ufunguo."

Fundi aliinama, akaubeba mfuko mmoja kama anayepokea kichanga, akauweka juu ya mizani.

"Mia sita tisini," alisoma.

"Fungua," alisema Mkurugenzi.

Mkasi ulikata ukingo. Kadi iliteleza ikaanguka mezani uso juu, na vichwa vyote vikainama. Vidoa vyote vilikuwa buluu, buluu tupu, hakuna hata kimoja kilichoingia doa la waridi kwa miaka miwili. Fundi alisugua chipu moja kwa pamba na thina, akasugua tena kwa nguvu, kisha akaiinua pamba juu ili kila mtu aione.

Nyeupe.

Stoo ililipuka kwa kelele. Watu walipiga rafu kwa mikono, walipiga meza, mwingine alipiga ndoo. Mashine mia mbili na arobaini zilihitaji chipu mbili kila moja, na gurudumu moja lilikuwa na elfu. "Siku nne!" fundi alipaza sauti. "Nipeni siku nne, Ijumaa jioni zote zinapumua!"

Mkurugenzi alipiga simu yake palepale, kidole kimoja sikioni kuzuia kelele. "Jumamosi," walimsikia akisema. "Ndiyo, zote. Jumamosi ileile." Alipokata, machozi yalikuwa yamefika kwenye fremu ya miwani, naye hakuyaficha.

"Mzee," alisema, "uongo huo utaandikwa upya leo, kwa saini yangu, kwamba ni akiba ya kiwanda. Na kuanzia kesho kabati hilo litajazwa, na hakuna gurudumu litakalovuka mlango huu bila kupanda mizani yako."

"Nina wiki tatu tu, mama."

"Basi una wiki tatu za kutufundisha."

Shangazi alikuwa ameshaweka hati zake mkobani. Alipita kwenye meza ya kufungia mizigo, ambapo mke wa Mzee Gramu alikuwa anarudisha kadi kwenye kopo huku anahesabu kwa kunong'ona, asisikie kelele za mtu. Alimaliza, akashusha pumzi.

"Mia moja na kumi na saba. Zimetimia."

Mzee Gramu aliokota penseli yake sakafuni. Akaichukua ile kadi ya buluu, akaigeuza, akaandika nyuma yake namba, tarehe na uzito, kwa mwandiko uleule wa dirisha la vifurushi. Alimtazama Mkurugenzi, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha akafunua kopo lililo mikononi mwa mkewe na kuidondosha ndani.

"Mwambie," alisema, "sasa ni mia moja na kumi na nane."